Swali la Kengeleni

Wiki hii mdogo wangu ameposwa na baba watoto kapewa barua ya kuhamia Nairobi, lakini akili yangu yote imebaki Kengeleni.

Jumamosi tulikwenda huko Kengeleni, mtaa wa Frere Town hapa Mombasa, na bibi na watoto, tukasimama chini ya ile kengele. Nikawaeleza: mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, ila majahazi yakaendelea kubeba watu kwa siri. Waliookolewa baharini na manowari za Waingereza wakaletwa hapa, kwenye makazi yaliyoanzishwa na wamishonari 1875. Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengi wao watoto wasiojua kwao ni wapi. Kengele ilikuwa ya kuwaonya wenyeji wakivamiwa.

Nikawapa na habari ya Rabai, kule waliotoroka mabwana zao walikokimbilia misheni. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa fidia waliokuwa wakiwamiliki. Na waliolipwa walikuwemo watu wa Mombasa yetu hii.

Hapo kitindamimba akauliza: "Bibi, na sisi tulikuwa kina nani? Waliofungwa ama waliofunga?"

Bibi akageuka kutazama barabara. "Mwambie mamako turudi nyumbani. Jua kali."

Jua lenyewe halijapanda! Bibi huyu wa kujibu kila swali, hata la kaburini, atafute kisingizio kwa mtoto mdogo? Nikiosha vyombo namsikia: jua kali. Nikilala, jua kali. Iliniuma, kwa sababu jibu nililijua, na mtoto alikuwa na haki ya kulisikia kwa mkubwa wake.

Jana usiku, tunachambua mchicha, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Kwao Kibokoni kulikuwa na ajuza aliyemlea babake, na bibi mwenyewe utotoni alisukwa naye nywele. Aliletwa na jahazi, mdogo, akanunuliwa na nyumba yao. "Ni sisi tuliomnunua," akasema, wazi kabisa. Alipokufa walimzika pamoja na watu wao. Lakini kila hitima majina ya marehemu yakisomwa, kila mmoja ni fulani binti fulani. Lake husomwa peke yake, jina la babake halijulikani.

Nilimshika mkono. Sijui lini nimempenda bibi yangu kama jana. Akaniambia nimwite mtoto asubuhi amweleze mwenyewe, na akamweleza kweli, mtoto kamsikiliza kinywa wazi, kisha akataka kujua huyo ajuza alikuwa akipenda chakula gani. Muhogo wa nazi, akajibiwa.

Kikohozi cha bibi tu ndicho hakikatiki. Usiku kinambana mpaka anakaa kitako, na dawa ya chupa imekwisha bila nafuu. Kesho nampeleka tena kwa daktari.