Siku ya mtendaji wa mtaa: ndoo mbili, guta moja

Saa 12:10 asubuhi. Simu ya mwenyekiti wa mtaa: "Mtendaji, guta limepita, wamechanganya tena." Hata chai sijanywa.

Saa 1:20. Nalifuata guta, la magurudumu matatu, la kikundi cha vijana wanaozoa taka za mtaa. Tangu tuanze ndoo mbili, mabaki ya jikoni kwake na taka kavu kwake, akina mama wa hapa wametenganisha mno, wengine hadi wanasuuza makopo. Nachungulia: maganda ya ndizi, chupa za maji, pampasi, vyote kitu kimoja. Kijana wa kikundi hana hata wasiwasi. "Dada, sisi mnatulipa kwa tripu za dampo. Maganda yakienda kwa ng'ombe na chupa zikienda kwenye mizani, mimi tripu nazitoa wapi?"

Makubaliano hayo niliyaandika mimi.

Saa 3 hadi saa 6, ofisini. Barua za utambulisho, mpaka wa uzio, basi.

Saa 6:30. Soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Mfugaji wa Kibosho anafunga viroba viwili vya maganda kwenye pikipiki, anamwachia muuza ndizi buku. Kwenye semina wanaita uchumi mzunguko; bibi yangu aliita kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga: majani ya migomba kwa ng'ombe, samadi kwenye migomba. Nanunua nyanya, natiliwa kwenye kinailoni, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Narudisha, nazimwaga kwenye kikapu.

Saa 9. Kikao chini ya mwembe. Napendekeza kikundi kilipwe kwa nyumba, si kwa tripu, na taka kavu iwe mali yao wauze. Mzee mmoja anasimama: "Binti yangu, chupa nizioshe mimi, auze yeye, halafu ada nilipe mimi?" Watu wakacheka, lakini hesabu yake ni ya kweli. Tulibishana saa nzima. Tukafika hapa: anayetenganisha apunguziwe ada, pengo lizibwe na mauzo ya chupa. Tunajaribu barabara moja kwa miezi mitatu. Vijana wanataka pia guta la pili kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Katika hiyo 10, fungu la vijana ni asilimia 4, na waombaji wamejaa.

Saa 1 usiku. Nakata "kwa tripu", naandika "kwa nyumba", nampigia yule kijana kumsomea.

"Na zile nyumba zisizolipa?"

"Njoo kesho saa 2. Tutazipitia mlango kwa mlango, mimi na wewe."