Daftari la haiba za katuni: kipimo cha mwiba

Mradi wangu wa kuzisoma haiba za wahusika wa filamu za katuni sasa umepata kipimo chake wenyewe, na ndiyo sababu naandika kumbukumbu hii mapema kuliko nilivyopanga. Kwa anayeingia leo, utaratibu ni huu: naitazama filamu hadi mwisho bila kumpa mhusika aina yoyote, kisha naitazama tena nikijaza safu mbili daftarini. Ya kwanza ni kafanya nini. Ya pili ni kwa nini. Hiyo ya pili ndiyo inayonikesha.

Januari. Vifaa

Natumia nadharia tatu, kila moja kwa kazi yake. Ya kwanza ni ile ya herufi nne, inayopendwa mno mitandaoni. Chimbuko lake ni kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921 kuhusu aina za nafsi. Kisha mama na binti wa Marekani, Katharine Cook Briggs na Isabel Briggs Myers, wakatunga dodoso linalowagawa watu katika aina 16, kila aina ikiandikwa kwa herufi nne. Ya pili ni eneagramu, yenye aina tisa. Hii haijali sana mtu anafanya nini. Inauliza anaogopa nini na anatamani nini. Ya tatu ni Sifa Tano Kuu, ambayo wanasaikolojia wengi wa vyuoni ndiyo wanayoitegemea. Haina aina hata moja. Ina vipimo vitano tu: uwazi kwa mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu ana kiasi chake katika kila kimoja.

Herufi nne zimelaumiwa, na lawama ni za haki. Watu wengi wako katikati ya mizani wala si kwenye ncha, na mtu akirudia dodoso baada ya muda anaweza kutoka na herufi tofauti. Kwenye katuni kuna ugumu zaidi: dodoso linamtaka mtu ajieleze, na mhusika hawezi kuulizwa swali. Tulichonacho ni matendo yake, maneno yake, na namna mchoraji alivyomfanya atembee. Kwa hiyo nimejiwekea sharti kwamba kila herufi au namba nitakayoandika lazima iwe na tukio la kuionyesha ndani ya filamu.

Hamu ya kuwapanga watu kwa hulka si ngeni kwetu. Utabibu wa Wagiriki, uliopitia kwa akina Ibn Sina na kufika mwambao wetu pamoja na tiba ya Kiarabu, uliwapanga kwa majimaji manne ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Na aliyesoma fasihi sekondari anakumbuka wahusika bapa, wasiobadilika, na wahusika duara, wenye pande nyingi. Mwalimu alitaka sifa za mhusika na mfano wa kila sifa. Mradi huu ni kazi ileile, ila nataka na sababu.

Februari. Vibete saba

Nilianza na Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937 kwa makusudi, maana pale haiba imeandikwa kwenye jina. Happy ni mwenye furaha, Bashful mwenye haya, Sleepy msinziaji, Sneezy mpiga chafya, Grumpy mnunaji. Doc peke yake ana jina la kazi badala ya hulka, na ni kiongozi ambaye maneno humgongana mdomoni. Dopey hasemi neno, na bado ni miongoni mwa wanaokumbukwa zaidi.

Anayestahili karatasi ni Grumpy, ambaye Bill Tytla ndiye anayesifiwa kwa kumchora. Safu ya kwanza ilijaa haraka: ananung'unika, anakataa kunawa, anasema wanawake ni sumu. Kisha Snow White anambusu kipajini. Anaondoka kwa hasira, hatua chache mbele uso unalegea na anashusha pumzi. Ikigundulika kwamba malkia mwovu amefika nyumbani, ndiye anayetangulia mbele kwenda kuokoa, na mbele ya mwili wa Snow White ndiye anayevunjika. Jina linasema mnunaji. Safu ya pili inasema mtu anayelinda moyo unaoumia upesi. Watu wa miaka ya thelathini walikuwa wanalijua hili kwa penseli.

Aprili. Elsa, na mpwa wangu

Hakuna mhusika ninayemwona akibishaniwa kuliko Elsa wa Frozen ya mwaka 2013, binti wa mfalme mwenye uwezo wa kuumba theluji na barafu. Wengi wanaanza na herufi ya upweke: kajifungia chumbani, hapendi kuguswa, kakimbilia mlimani na kujijengea kasri la barafu. Nilikuwa na mpwa wangu pembeni, darasa la sita, akila karanga. Nilipomsomea nilichokusanya akaniuliza, "Sasa mjomba, huyo ni mkimya au amefungiwa?"

Swali hilo lilinirudisha mwanzo wa filamu. Kabla ya ajali, Elsa ni mtoto anayeamshwa usiku na mdogo wake Anna, anakwenda naye ukumbini, anaujaza theluji, na anacheka. Kisha Anna anaumia kichwani. Milango ya kasri inafungwa, Elsa anavishwa glavu na kufundishwa kuficha na kutohisi. Siku ya kutawazwa, miaka mingi baadaye, bado anamtania Anna na kumsukumia mzee mmoja ili acheze naye, huku akijizuia kucheka. Mtu asiyependa watu hafanyi hivyo.

Hapa nadharia ya herufi inafika mwisho wa kamba yake, kwa sababu dodoso lake halina kipimo cha wasiwasi hata kidogo. Hofu ya Elsa haina pa kukaa, basi inahesabiwa kama upweke. Sifa Tano Kuu zinatenganisha uchangamfu na wasiwasi, kila kimoja na mstari wake. Kwa Elsa mstari wa wasiwasi uko juu kabisa. Mstari wa uchangamfu niliuacha wazi, kwa kuwa filamu karibu nzima inamwonyesha akiwa na hofu.

Uzuri wa filamu hii kwa kazi yangu ni kwamba Anna alikulia nyuma ya milango ileile. Kuta zilezile, wazazi walewale waliozama baharini, upweke uleule. Yeye akatoka na njaa ya watu, akakubali kuolewa na mwanamume aliyekutana naye siku hiyohiyo. Nikiulizwa kama kuna kitu kinachoitwa haiba kabla ya malezi, nitawataja hawa ndugu wawili.

Nataja na hili: matoleo ya awali ya hadithi yalimfanya Elsa kuwa mwovu. Mke na mume, Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez, walipomwandikia ule wimbo mkubwa wa mlimani, mhusika akabadilika mikononi mwa waandishi na hadithi ikaandikwa upya. Walikuwa wameipata safu ya pili.

Juni. Karaba

Mwezi huu ndio uliobeba mradi mzima. Kirikou et la Sorcière, yaani Kirikou na Mchawi, ilitoka mwaka 1998. Mtunzi wake ni Michel Ocelot, Mfaransa aliyeishi utotoni nchini Guinea. Muziki ni wa Youssou N'Dour, na sauti zilirekodiwa Dakar. Kirikou ni kitoto kilichozungumza kikiwa tumboni na kujizaa chenyewe. Kijiji chake kinaishi kwa kumwogopa Karaba, mchawi anayesemekana kuwala wanaume na kuikausha chemchemi.

Watu wazima wote wa kijiji wanafanya kazi ya safu ya kwanza. Karaba anatoza dhahabu, anachoma vibanda, ana watumishi wa mbao wanaopeleleza kila kona. Jibu lao limekwisha: ni mbaya. Kirikou ndiye mtu pekee anayeuliza kwa nini Karaba ni mbaya, na analiuliza kwa kila mtu hadi wanachoka naye. Sijawahi kumwona mhusika wa katuni akifanya kazi ya mradi wangu waziwazi namna hiyo.

Jibu analipata kwa babu yake, mzee wa mlimani. Karaba hajamla mtu. Wanaume waliopotea amewageuza kuwa hao watumishi wa mbao. Maji yalinywewa na mnyama aliyejificha ndani ya chemchemi. Yeye anawaacha watu waamini mabaya zaidi kwa sababu hofu yao inamwongezea nguvu. Na mgongoni ana mwiba wenye sumu, uliochomekwa na wanaume waliomkamata kwa nguvu. Mwiba unamtesa usiku na mchana, na mwiba huohuo ndio chanzo cha uchawi wake. Hataki utolewe, kwa kuwa kuutoa kunauma kama kuchomwa, na ukitoka nguvu zitakwenda nao.

Kwa eneagramu ningeweza kumwandika Aina ya Nane papo hapo, mtu ambaye hofu yake kuu ni kudhuriwa na kutawaliwa na wengine. Lakini sharti langu linadai tukio. Nikasubiri Kirikou aung'oe mwiba kwa meno, ili nione kitakachoondoka na kitakachobaki.

Kinachoondoka ni ukatili. Anapiga yowe, kisha kunakuwa kimya, na maua yanachipua pale penye ukame. Kirikou, ambaye bado hafiki hata magoti yake, anamwambia amuoe. Karaba anakataa, na sababu anayoitoa ni kwamba hataki kuwa mtumishi wa mwanamume. Hana tena maumivu, hana uchawi, yuko mbele ya mtu aliyemwokoa, na bado hakubali kutawaliwa. Hicho ndicho kilichobaki, na nadhani hicho ndicho Karaba mwenyewe. Mwiba uliuchukua uhuru wake na kuugeuza kuwa utawala juu ya wengine. Ulipotoka, uhuru ukarudi mahali pake.

Kwa hiyo sasa kila mhusika anapita kwenye swali la tatu, ambalo nimeliita kipimo cha mwiba: filamu ikimwondolea kinachomuuma, anabaki na nini? Kabla ya hapo siandiki aina yoyote kwa kalamu ya wino.

Julai. Kipimo kazini

Elsa alipita. Hofu inapoisha, haendi kuishi peke yake. Anaacha milango wazi, anageuza ua wa kasri kuwa uwanja wa barafu kwa ajili ya watu wote, anampa Anna viatu vya kutelezea na kumshika mkono. Mstari wa uchangamfu nimeuweka katikati. Si Anna, ila mwenye kumwita mpweke kwa asili hana tukio la kuonyesha.

Scar, simba mwovu wa The Lion King ya mwaka 1994, hakupita, na ni ajabu, maana jina lake ni kovu. Filamu hiyo haisemi alilipataje. Tunapewa alama ya jeraha bila jeraha. Mwanzoni anamcheka panya aliyemkamata, mwishoni anawasingizia fisi ili aokoe ngozi yake, na kati ya hapo hakuna kilicholegea ndani yake. Mwalimu wa fasihi angeandika bapa, na angekuwa sahihi, ingawa ni bapa anayetisha kuliko duara wengi. Daftarini ana herufi tu. Namba ya eneagramu nimeiacha, kwa kuwa namba bila sababu ni uvumi.

Agosti. Filamu zenye nadharia yake

Inside Out ya mwaka 2015 ilitengenezwa kwa ushauri wa wanasaikolojia Paul Ekman na Dacher Keltner. Wengi hujaribu kuzipa aina zile hisia tano, ambazo ni wahusika wanaokaa vitini ndani ya kichwa cha kila mtu na kumwongoza. Sioni faida, kwani hisia si mtu. Haiba iko kwenye kiti. Ndani ya kichwa cha Riley, msichana wa miaka 11, Furaha ndiye anayeongoza. Ndani ya kichwa cha mama yake kiti cha katikati amekalia Huzuni, na anaongoza kwa utulivu. Kwa baba ni Hasira. Watu wote wana hisia zilezile. Tofauti ni nani kapewa usukani. Hiyo ni nadharia kamili, na imesemwa kwa kuonyesha viti tu.

Kaonashi, yule pepo mwenye barakoa wa Spirited Away, ile ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001, amenishinda kwa namna ninayoipenda. Anammeza chura na kuzungumza kwa sauti ya chura. Ndani ya nyumba ya kuogea, penye tamaa ya dhahabu, anakuwa tamaa yenyewe. Akifika kwa mchawi Zeniba, penye utulivu na kazi ya mikono, anakaa na kusokota uzi kimya. Hana mwiba, anachukua umbo la mahali alipo. Ukurasa wake una safu mbili zilizojaa na nafasi ya aina iliyo tupu, na itabaki hivyo.

Sasa hivi

Niko kwenye Encanto ya mwaka 2021, filamu ya familia yenye vipawa vya miujiza, ambayo inafanya kipimo changu bila kuombwa. Nyumba inapobomoka vipawa vyote vinapotea, kisha familia na majirani wanaijenga upya kwa mikono. Kuanzia nyumba inapoanguka hadi vipawa vinaporudi, Luisa hana nguvu za kubeba punda na dada yake Isabela hachipushi maua. Nakusanya matukio ya kipindi hicho peke yake: nani anabeba nini, nani anapumzika, nani anaongoza. Luisa ndiye ninayemngojea zaidi, kwa sababu nataka kujua kama kubeba kulitokana na kipawa au na yeye.

Mpwa wangu amepewa daftari lake. Anajaza peke yake, haruhusiwi kuchungulia langu, na tutalinganisha kurasa filamu ikiisha. Tukipatana kwa Luisa, nitaandika kwa wino. Tukitofautiana, kila mmoja ataleta matukio yake mezani na tutaitazama sehemu hiyo upya tukiwa pamoja.