Vipele kwenye majani ya mwembe na mlimau: chukua wembe kwanza

Asubuhi jirani kanitumia picha, jani la mwembe wake limejaa vipele utadhani mtoto mwenye tetekuwanga, anauliza anunue dawa gani. Nikamwambia, mama, usinunue kitu, nakuja na wembe.

Tukakata kipele kimoja katikati taratibu. Ndani kuna kachumba, na humo kafunza ka manjano, kadogo kuliko punje ya mtama. Mama yake ni kainzi kadogo kuliko mbu, anataga kwenye yale majani machanga ya mwembe yanayotoka mekundu mekundu bado yananing'inia, halafu jani lenyewe linavimba kumzunguka funza, anakula humo humo mpaka awe inzi atoboe atoke. Ndo maana ukipuliza dawa wakati vipele vishatokea unamwaga hela tu, dawa inabaki juu na mwenyewe kajifungia ndani. Vyenye katundu ujue keshahama.

Mwembe mkubwa haufi kwa hivyo, wa kuhurumia ni mche. Tulipunguza matawi yaliyojaa sana ili hewa ipite, tukaokota na majani ya chini, tukachoma yote.

Ila kilichonitia wasiwasi kweli ni mlimau wake pale kwenye kona. Juu ya jani vinundu vilevile, ukigeuza chini ni vishimo viko wazi, na kila kishimo kana kadudu kamejilaza bapa kama gamba. Huyu si yule wa mwembe, ni mnyonya utomvu, anapenda ubaridi, na sisi Arusha tunao. Vishimo vyenyewe si tatizo, vinabaki kwenye jani hata mdudu akiondoka, shida ni kwamba anabeba ugonjwa wa grini (greening), ule majani yanakuwa na mabaka ya njano, upande mmoja hivi upande wa pili vile, matunda yanapinda, machungu, na hauna tiba, mti unang'olewa.

Wa jirani bado una kijani chake kizuri, nashukuru Mungu. Vidudu vingine vilikuwa vimekauka vina tundu mgongoni, hao wameliwa na watoto wa nyigu wadogo sana wanaotaga ndani yao au chini ya tumbo lao, sasa ukipuliza sumu kali unawaua na hawa wanaokusaidia bure! Tukakata machipukizi yaliyoshambuliwa tu. Machipukizi mapya yakitoka nitarudi tugeuze jani moja moja.