Makasia marefu yalivyoniumbua kwenye Mto Bitterroot

Nimekulia Ujiji, na ziwani niliingia kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo mimi na shemeji yangu, mtu wa Uvira, tulipochanga pesa tukanunua boti ya mtoni iliyokwishatumika hapa Missoula, Montana, sikumuuliza mtu habari za makasia. Mtu wa Tanganyika akaulize kasia?

Boti hizi asili yake ni Oregon, kwenye Mto McKenzie. Yetu ina futi 16, kitako bapa, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zimeinuka kama ndizi, na injini haina. Mpiga makasia anakaa katikati akitazama mto unakokwenda, mvuvi mmoja mbele yake na mwingine nyuma. Kinachochanganya ni kwamba huipeleki boti mbele. Mto unaipeleka wenyewe. Wewe unavuta kinyume cha mkondo ili kupunguza mwendo, mvuvi apate muda wa kutupa chambo. Ukiona jiwe unaielekeza omo kwenye jiwe hilohilo, halafu unavuta kwa nguvu kujitoa. Siku ya kwanza akili yangu iligoma kabisa.

Boti tuliuziwa tupu. Makasia nikayapata kwa mtu aliyekuwa anauza vyombo vyake vya zamani mbele ya nyumba: mbao ya eshi, mazito, futi 10. Baba yangu alinipimia kafi, lile kasia fupi la kushika mkononi tu, kwa kunisimamisha nalo ufukweni. Likifika kidevuni, limekufaa. Mimi ni mrefu, nina mabega, nikasema haya ndiyo saizi yangu. Bei nayo ilinichekea.

Tukashusha boti Bitterroot mwezi Julai. Maji ya theluji yalikuwa yamekwisha kupita, mto umeshuka, mawe yako karibu. Hatukumaliza nusu saa nikaanza kujigonga vidole gumba. Mipini ya makasia ilikuwa inapishana mbele ya kifua changu, mmoja juu ya mwingine, na kila nikivuta kwa haraka mkono wa kulia unaukanyaga wa kushoto. Nikayasukuma nje kidogo ili mipini iachane. Vidole vikapona, mabega yakaanza kulia: sasa sehemu kubwa ya kasia iko nje, na kuliinua tu kutoka majini ni kama kunyanyua ndoo kwa fimbo ndefu. Shemeji akawa ananicheka, "Shem, si ulisema wewe ni mtu wa ziwa?"

Kicheko kiliisha kwenye kona moja yenye maji ya magotini. Boti ilikuwa imekaa upande, nami nikazamisha kasia la upande wa chini ya mkondo. Bapa, ile ncha pana inayoingia majini, likakwama kati ya mawe, boti ikaendelea kuja juu yake. Kasia halikukubali kupinda wala kutoka. Mpini ulinipiga ubavuni, kisha lote likachomoka kwenye kileti, kile kishikio cha kasia ukingoni mwa boti, na kwenda na maji. La akiba hatukuwa nalo. Tulizunguka kama jani hadi tukakwama kwenye kisiwa cha changarawe, na tunashukuru haikuwa mahali penye magogo yaliyorundikana, maana mto huo unayo mengi, na boti ikibanwa na mkondo kwenye magogo huwa haitoki.

Kasia tulilikuta mbele, limenasa kwenye vichaka. Pale pa kutolea boti alikuwepo mzee mmoja anayevua mito hii miaka mingi. Hapa watu wanaitana majina hata mjukuu na babu, lakini ulimi wangu haukubali. Namwita mzee, naye amezoea kuitika. Alitazama makasia, akatazama boti, akauliza swali moja: kutoka kileti mpaka kileti ni sentimita ngapi? Sikujua. Akaleta tepu yake ya kupimia. Sentimita 180.

Hesabu yake haikuhitaji karatasi. Gawa upana huo kwa mbili, unapata 90. Kasia linatakiwa theluthi moja ibaki ndani ya kileti na theluthi mbili ziwe nje, kwa hiyo 90 mara tatu ni 270, yaani futi 9 hivi. Makasia yangu ya futi 10 ni sentimita 305; theluthi yake ni karibu 102, na nusu ya boti ni 90 tu. Kila mpini ulikuwa unavuka katikati kwa sentimita 12. Ndiyo maana ya vidole vyangu. Kumbe kote huko nilikuwa nikipima mtu, na chombo hiki hupimwa boti.

Jumamosi iliyofuata akanikalisha kwenye boti yake na jozi tatu za futi 9. Za alumini zilikuwa nafuu kuliko zote, na bapa lake la plastiki likivunjika unabadilisha bapa peke yake. Ila ni baridi mkononi, na kila kishindo cha jiwe kinafika mpaka kwenye kiwiko. Za faibaglasi na kaboni, nyepesi mno, hazitaki matunzo. Nilizipenda mpaka nilipoulizia bei. Jozi ya tatu ilikuwa ya mbao za msonobari wa Douglas zilizogundishwa kwa tabaka. Hizo ukivuta zinapinda kidogo kisha zinakurudishia ile nguvu, kama upinde, na jioni mabega hayaumi sana. Nikachukua za mbao.

Upana wa bapa ulinisumbua zaidi. Pana, la sentimita 20, linakamata maji vizuri kwenye mto mkubwa kama Clark Fork unaopita mjini. Lakini mimi napenda Bitterroot, tena mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa haba, nikachukua la inchi 6.5, yaani sentimita 16 na nusu. Linapita kati ya mawe, na likikwama linachomoka. Nchani limevishwa plastiki ngumu, maana mawe hayana huruma na mbao.

Kuyafunga ilikuwa kazi ya jioni moja. Pwani wanatumia kishwara, kitanzi cha kamba. Hapa kuna kileti cha shaba, na kasia huviringishwa kamba pale linaposuguana nacho, halafu pete nene ya mpira inalizuia lisiteleze nje. Pete nimeiweka ili mipini iachane kama upana wa kiganja. Kuna na kidude kingine kinacholizuia kasia lisijizungushe, bapa libaki wima daima. Kwa anayejifunza ni kizuri. Mimi nilikitoa baada ya wiki mbili, kwa sababu upepo ukivuma napenda kulilaza bapa, na kiganja changu kilishazoea hivyo tangu ziwani. Vanishi naipaka kila majira ya kuchipua, isipokuwa kwenye mipini: mpini wenye vanishi unatoa malengelenge, huo unapakwa mafuta tu.

Yale ya futi 10, moja nililikata upande wa mpini, nikalichonga upya, sasa limefungwa ubavuni mwa boti kama akiba. La pili mke wangu amelichukua. Linashikilia kamba ya kuanikia nguo nyuma ya nyumba, na shemeji akija kula haachi kuuliza kama leo tunavua upande ule.