Tundu Dogo, Kenchi Tatu

Mkaratusi uliangukia nyumba ya mama usiku, mvua ikiwa bado inanyesha. Tundu lenyewe halikuzidi upana wa mlango. Kaka yangu alilimulika kwa tochi akasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja: bati chache, misumari, basi. Mama hakujibu. Alikuwa anahamisha magodoro. Mimi nilikwenda kuzima umeme kwenye swichi kuu, maana tawi moja lilikuwa limepenya katikati ya nyaya darini na maji yalishaanza kuchuruzika kwenye taa.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee mwembamba, na jambo la kwanza alilofanya lilimkera kaka: hakupanda juu. Aliingia ndani akaomba aoneshwe chumba kilicho mbali kabisa na tundu.

"Mzee, paa limetobokea huku," kaka akamwambia.

"Huko nimeshakuona, mwanangu. Nataka kuona kule kusikotoboka."

Akabandua ubao mmoja wa dari, akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo hadi kaka akaanza kutazama saa. Aliposhuka alituita mmoja mmoja tupande tujionee. Kenchi ya pili kutoka kwenye tundu, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ambayo mti haukuigusa kabisa, boriti yake ya chini ilikuwa imepasuka kwa urefu, ufa umefuata nyuzi za mbao kuanzia pale ilipopigiliwa misumari. Mzee alieleza kwa kifupi: kenchi ni pembetatu, na ukiigonga mahali pamoja uzito hautulii hapo, unakimbilia kwenye maungio. Tena kenchi zote zimeshikana kwa papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, kwa hiyo iliyosukumwa huwavuta jirani zake. Alipomaliza kukagua alihesabu kenchi tatu za kutengenezwa. Kaka aliuliza kama hatutafutiwi kazi. Mzee akamwambia amlete fundi mwingine aone ufa ule, yeye angesubiri. Hakuletwa mtu.

Kuuondoa mti kulichukua muda kuliko nilivyotarajia. Kabla ya msumeno kuwashwa, walisimamisha nguzo ndani ya chumba kushikilia kenchi zilizoumia. Kisha wakaanza na matawi ya pembeni, vipande vifupi vya kushushwa kwa kamba, hakuna kilichoachwa kidondoke. Shina lilibaki la mwisho. Mzee aliwafukuza watoto wote karibu na mizizi, nami nikadhani ni ukali wa uzee. Shina lilipokatwa, kisiki kikajirudisha chenyewe shimoni kwa kishindo, kimesimama wima kama zamani. Mtu angekuwa amechungulia shimo lile angefunikwa. Upande mmoja kisiki hakikuwa na mizizi ya maana. Ilikatwa miaka ya nyuma ulipochimbwa mtaro wa bomba, na udongo ulipolowa mti ukakosa cha kushikia.

Boriti zilizopasuka hazikung'olewa. Mzee alizinyanyua taratibu kwa jeki huku akitazama uzi aliouvuta kutoka mwisho hadi mwisho wa paa, mpaka mgongo wa nyumba ukanyooka. Ndipo akapachika mbao mpya za inchi 2 kwa 4 ubavuni mwa zile za zamani, zikipita ufa mbali huku na huku, akazifunga kwa bolti. Misumari peke yake, alisema, ingeipasua mbao kavu upya.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa mabati. Kaka alitaka geji 30 kwa kuwa ni rahisi, tena akiamini namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume: geji 28 ndiyo nene zaidi. Mama ndiye aliyekata shauri, akataka 28. Nilimshika ngazi mzee na kumtazama akifanya kazi. Aliezeka kutoka chini kwenda juu, bati la juu likilalia la chini sentimita 15, na mapishano ya ubavuni akayapa kisogo upande unakotoka upepo wa mvua. Kila msumari aliupiga kwenye mgongo wa bati, hata mmoja hakuupiga bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Kijana wake alipotaka kukata bati kwa grainda, mzee alimpa mkasi. Grainda huunguza zinki ukingoni, na cheche zinazotua juu ya bati hugeuka madoa ya kutu.

Mabati yakaisha, kofia ya kufunika kilele cha paa ikafungwa, kaka akataka dari lirudishwe siku hiyo hiyo ili mama apate chumba chake. Mzee akakataa. Liachwe wazi mpaka mvua inyeshe, alisema, na fedha yake ya mwisho tumpe baada ya hapo. Mvua iliponyesha nilikaa mle chumbani na tochi. Palivuja tone kwa tone sehemu moja tu, chini ya msumari wa kofia ambao mpira wake ulikaa upande. Nilimpigia simu, akaja kesho yake akaung'oa, akaweka mwingine mnene kidogo, akashuka. Dari lilifungwa mvua ya pili ilipopita bila tone, na mama akarudishiwa kitanda chake.