Unaangalia kama unatafuta funguo

Nilikuwa namalizia shule ya msingi pale Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, wavuvi wa upande wetu walipoanza kutoa kwenye majarife yao, zile nyavu za papa, samaki ambaye wengi kijijini hawakuwa na jina lake. Hiyo ni kama miaka ya 2004 na 2005. Tukaambiwa ni silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka miaka milioni 65 na zaidi iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Anakaa kwenye mapango kilindini, zaidi ya mita 100 chini, na mapezi yake yamejitokeza kama vikono. Nilikosa usingizi kwa muda mrefu. Nikilala nawaza: hapo tu, kilomita chache kutoka kwenye mkeka wangu, huyo mtu wa kale anaogelea gizani na wala hajui kwamba aliandikiwa kifo. Nikaapa nitasomea samaki.

Kemia ikanikataa kidato cha tatu. Nikaenda biashara. Mwaka 2009, ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, niliisikia habari redioni nikaendelea kupiga pasi.

Sasa nina miaka 35 na kitu, niko Dar, nafanya kazi ya uwakala wa forodha. Kazi si mbaya na mshahara unaingia. Lakini kwa miaka mitatu hivi nilikuwa naamka nimeshachoka, najiuliza hivi ndiyo basi? Nilijaribu mengi. Nilihudhuria semina ya mhamasishaji mmoja akatuambia tuandike maono yetu kwenye karatasi ya manila tuyabandike ukutani. Niliandika. Nilikuwa nayaona kila asubuhi nikipiga mswaki, yakawa kama deni. Nilienda pia hospitali kumwona mshauri, na hilo silijutii: alinihoji kuhusu usingizi, chakula na mawazo ya kujidhuru, akaniambia haoni sonona. Kama wewe unayesoma hujapimwa, anza huko, haya yangu yatasubiri.

Bibi yangu alifariki, nikaenda arobaini. Ilikuwa siku za bamvua, mwezi umeandama juzi yake. Kwetu bamvua maji hukupwa kama saa nne asubuhi, yanakwenda mbali mpaka mwamba wote unabaki mtupu. Shangazi akachukua fimbo ya marehemu iliyokuwa imechomekwa kwenye makuti akasema, "Usikae kuchezea simu, twende pwani."

Nilitembea nyuma yake karibu saa nzima. Mahali fulani akasimama, akaniuliza, "Unamwona?" Nikaangalia. Mawe, majani ya baharini, maji ya kifundoni. "Yuko mbele ya mguu wako." Sikuona kitu. Akanielekezea kwa fimbo: shimo lenye mlango wa kama ngumi, na mbele yake vipande vya magamba ya kaa na makombe yaliyosafishwa, vimerundikwa kama takataka za mama ntilie. Hapo ndipo jiwe likapumua. Pweza alikuwa ameshabadilika rangi na ngozi yake imevimba vinundu sawasawa na mwamba. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa nawaona mwenyewe, namwita bibi aje kuchokoa.

Nikamwambia shangazi nimezeeka macho. Akacheka. "Macho yako mazima mwanangu. Unaangalia kama unatafuta funguo."

Neno hilo nilirudi nalo kwenye basi mpaka Dar. Ni kweli. Kila kitu nilikiangalia hivyo: kazi, watu, hata hiyo "maana ya maisha" nilikuwa naitafuta kama kitu nilichokiangusha chini ya kochi, nikikipata nitaondoka.

Nilichofanya ni kidogo, karibu naona aibu kukisimulia. Nilinunua daftari la kaunta. Kila bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nikaanza kushuka ufukwe wa Coco kwenye miamba, naandika tarehe, umri wa mwezi, saa ya maji kupwa, na kitu kimoja ambacho sikukijua. Simu inabaki ndani ya mkoba. Shida ni kwamba bamvua haijui Jumamosi. Maji yanachelewa dakika 50 hivi kila siku, na bosi wangu hawezi kuelewa ruhusa ya mwezi mpevu. Kwa hiyo nyingine nilizikosa, nyingine nilikwenda siku ya maji mafu, yale yasiyokupwa mbali, nikakuta bahari imejaa tele haina habari na mimi.

Mara tatu za kwanza niliandika upuuzi. "Kiti cha pweza, chekundu," yaani ile nyota ya bahari. Nilichoka, nikahesabu muda. Mara ya nne nilichuchumaa kwenye kidimbwi kwa sababu mgongo uliuma tu. Kulikuwa na kaa wale wanaobeba kombe la kuazima. Mmoja alikuta kombe tupu. Akalipima mdomo kwa gando, akalizungusha, akachungulia ndani, kisha akachomoka kwenye lake kwa kasi, kitumbo laini uchi, akaingia jipya. Akatembea hatua mbili. Akarudi kwenye la zamani. Akatoka tena. Kama mtu anayejaribu viatu Kariakoo huku muuzaji amemkazia macho. Nilicheka peke yangu kwa sauti, vijana waliokuwa wanapiga picha wakageuka. Niliandika ukurasa mzima siku hiyo.

Sitadanganya kwamba kule kukosa usingizi kwa ajili ya silikanti kumerudi. Hakujarudi. Makontena ni yale yale Jumatatu, na manila niliitoa ukutani bila kuweka nyingine.

Bamvua iliyopita nilimkuta bibi mmoja anaokota kome na tondo, ninamwonaga mara nyingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. We kila siku nakuona umeinama hapa, unatafuta nini?"

"Sitafuti, bibi. Naangalia tu."

Akanitazama, akatazama daftari. "Haya. Basi nishikie ndoo."

Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na maji yalikuwa yameshaanza kurudi.