Siku moja maishani mwangu: zamu ya hoteli, kitimoto na rameni ya miso hapa Sapporo, Japani

Saa 11 alfajiri. Nje giza totoro, theluji imeshuka usiku kucha, na mimi niko jikoni na kipande cha kitimoto cha tumboni, gramu 800, kile ambacho nyama na mafuta vimepandana tabaka kwa tabaka. Leo jioni kuna mdogo wangu anakuja kula, kijana wa Mwanza kaja kusoma huku tangu mwezi wa 10, baridi ya January inamnyoosha kwelikweli, nikamwambia njoo nikupikie rameni ya miso, yaani tambi za Kijapani kwenye supu yenye miso, ule mchanganyiko mzito wa soya iliyochachushwa, maana mji huu ndo ilikozaliwa.

Nyama hii haitaki haraka ndo maana naamka mapema. Naiviringisha iwe kama gogo, naifunga na uzi wa pamba kila baada ya vidole viwili, nakaza haswa kwasababu ikilegea itafunguka sufuriani, alafu naikaanga pande zote mpaka iwe kahawia. Maji, sosi ya soya, sake (pombe ya mchele), mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia), sukari, tangawizi, na yale majani ya kijani ya kitunguu ambayo watu wanayatupa, mimi siyatupi. Foili naikata duara naitoboa katikati naifunika juu ya nyama yenyewe, sio juu ya sufuria, hapo mchuzi unachemka unapanda unarudi na nyama inalowana hata kwa juu. Moto mdogo, karibu masaa mawili. Wenyewe wanaiita chashu, jina limetoka kwa Wachina ila kule inachomwa, huku mara nyingi inachemshwa taratibu hivi.

Saa 1 asubuhi kijiti kinaingia bila kugoma. Sufuria naitoa barazani naichimbia kwenye theluji ipoe chap, huku nachemsha mayai dakika 6 na nusu, natia maji baridi, namenya. Saa 2 natoka, nyama na mayai vyote viko kwenye friji ndani ya mchuzi ule ule. Tafadhali usikate chashu ya moto, itasambaratika yote, iache ilale kwenye mchuzi wake mpaka ishikane.

Saa 3 mpaka saa 9 ni kazini, usafi wa vyumba hotelini, leo 12, shuka, bafu, shuka, bafu. Mgongo unajua.

Saa 9 na nusu napitia supamaketi. Tambi za hapa ni za njano, nene kiasi, zimejikunja kunja, na unajua ule unjano na ule mvutano unatoka wapi? Kwenye unga wanatia kansui, maji yenye chumvichumvi za kundi moja na magadi yetu tunayolainishia makande! Siku nilipoelewa hilo nilifurahi sana, yaani niliona kama jiko la bibi na jiko la huku vinafahamiana.

Saa 10 na nusu jua limeshazama. Mifupa ya kuku na ya nguruwe naichemsha kwanza dakika chache, naimwaga maji, naiosha damu yote, ndo naibandika upya na tangawizi na kitunguu saumu. Inakaa mpaka saa 1.

"Shikamoo dada." Kaingia na theluji mabegani. Nikamkalisha karibu na jiko, nikawa namsimulia huku nakata nyama, kwamba miaka ya 1950 kulikuwa na kamgahawa hapa Sapporo kanaitwa Aji no Sanpei, mwenyewe Omiya Morito, ndo anatajwa kuwa mwanzilishi wa kutia miso kwenye rameni, kabla ya hapo miso ilijulikana zaidi kwa supu ya kawaida ya nyumbani.

Sasa karai. Hapa ndo pa muhimu kuliko pote. Mafuta ya nguruwe vijiko viwili, moto mkali, kitunguu, nyama ya kusaga, choroko zilizochipua viganja viwili, alafu miso gramu 100 ya watu wawili niliyochanganya na kitunguu saumu, tangawizi na ufuta uliosagwa. Wengi wanaikoroga tu kwenye supu, hapa Sapporo inakaangwa. Ikigusa karai inalia, ukingoni inaanza kuwa nyeusi kidogo, harufu inabadilika, ule uchachu wa soya unageuka kama karanga zinazokaangwa, na sekunde hiyo hiyo namwaga supu, ukichelewa inaungua inakuwa chungu. Tambi zinachemka sufuria ya pembeni, nakung'uta maji yote, bakuli nimeshalipasha na maji ya moto. Chashu vipande vitatu, yai, mahindi, kipande cha siagi.

"Dada, mbona haitoi moshi, imepoa?"

"Subiri mdogo wangu, usiiamini hiyo." Yale mafuta yanatanda juu kama mfuniko, joto lote linabaki chini, ndo maana watu wa mji wa theluji wanaipenda hivi. Hakusubiri, akaungua mdomo mpaka machozi, alafu akainama tena hakuongea kitu mpaka bakuli likaonekana tako. Kisha akavua koti. Mara ya kwanza namuona kavua koti mwenyewe tangu October.

Saa 4 usiku kashaondoka na ncha mbili za chashu kwenye kontena. Mchuzi wa nyama uliobaki nimeuchemsha tena, nimeuchuja, na mayai mawili mengine yako jikoni yanapoa kabla sijayatumbukiza humo.